Mama Hapo Juu

Karani wa kile kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali alikuwa na jina lake zuri tu kwenye kadi ya ajira, ila halikuwa na kazi. Wote walimwita Mama Hapo Juu. Hata mumewe alipopiga simu ofisini alimuulizia hivyo hivyo, tena bila haya.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu yeyote akiumia kazini, awe amebanwa kidole au ameteleza kwenye maji ya sabuni, ilijazwa fomu ya serikali yenye vipengele kumi na viwili, nakala tatu, na ole wako ukikosea ile ya tatu. Kipengele cha nane kilitaka maelezo ya msimamizi. Cha tisa kilitaka maelezo ya mfanyakazi mwenyewe, na hapo paliachwa nafasi ya upana wa kidole. Miaka kumi na sita nyuma, angali mgeni kazini, aliitazama ile nafasi, akalitazama rundo la fomu mezani, akaandika: "Kama hapo juu." Fomu ikapokelewa bila neno. Tangu siku hiyo hakuwahi kuandika kingine. Alijigamba kwamba anamaliza fomu nzima kabla chai yake haijapoa, na makarani wa viwanda vya jirani walipokuja kuomba ujanja huo aliwapa bila hiyana.

Tusimwonee. Hakuwa na roho mbaya hata chembe. Alikuwa mtu wa haraka, na serikali ilikuwa inapenda fomu.

Wifi yake, mke wa mdogo wake, alifanya kazi kwenye rola, ile mashine ndefu inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu, limenyooka, upande wa pili. Siku moja ikameza na mkono wake wa kulia. Walipofanikiwa kuuchomoa ulikuwa umeungua vibaya. Msimamizi akaandika kwenye kipengele cha nane: "Alizembea." Mama Hapo Juu, machozi yakimdondoka kwenye nakala zote tatu, maana wifi yake alikuwa anampenda kweli, akaandika kwenye cha tisa kile alichozoea kuandika.

Miezi mitano baadaye wifi aliingia ofisini na barua kutoka bodi ya fidia. Vidole vyake vitatu vilikuwa bado havikunjiki, na daktari alishasema asipofanyiwa mazoezi ya mkono mwaka huu huu, ndiyo basi tena.

"Wifi, hebu nisomee hapa," akasema. "Wamenikatalia matibabu. Wanasema nimekiri uzembe. Mimi nimekiri lini?"

Karani akaisoma barua mara mbili.

"Hukukiri," akasema. "Nimekukiria mimi."

Wifi akamtolea macho. "Makubwa! Yaani hata kukiri unanifanyia? Si ungenisaidia kuosha vyombo tu."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Karani akavuta kiti, akamkalisha, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita akamuuliza mtu aliyeumia, "Haya, ilikuwaje?"

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," wifi akajibu.

Akamweleza. Mbele ya rola kuna upau mwekundu. Ukiugusa tu, mashine inasimama. Lakini ulikuwa umeanza kuisimamisha ovyo, mara kumi kwa siku, na mashuka yanasubiriwa. Basi msimamizi akaufunga kamba usicheze. "Siku ile niliugonga kwa kiwiko mara tatu, wifi. Mara tatu. Haukusimamisha kitu."

Karani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kamba ile alikuwa akipita karibu nayo kila asubuhi.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya wizara. Serikali inapitia upya fomu zote za kazi ili ipunguze usumbufu. Mwenye maoni afike ukumbi wa ofisi ya kazi Alhamisi asubuhi. Zamani angeipokea kwa vigelegele. Safari hii akashuka moja kwa moja kwenye orodha ya vinavyopendekezwa kuondolewa, akakuta: kipengele cha tisa. Kikifutwa, wifi yake hana tena pa kusemea.

Alhamisi ukumbi ulijaa makarani. Afisa wa wizara, kijana mpole mwenye miwani, akaonyesha hesabu zake ukutani. "Kwenye kila fomu kumi, tisa zimeandikwa 'Kama hapo juu'. Maana yake wafanyakazi hawana la kuongeza. Kwa nini tuwasumbue?"

Makarani wakapiga makofi. Mama Hapo Juu akasimama.

"Bwana afisa, hao wafanyakazi wote ni mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mimi na hawa niliowafundisha. Wako humu humu, wananikwepa macho."

Kisha akatoa karatasi aliyoandika maneno ya wifi yake, akayasoma yote, na ile kamba, na kile kiwiko. Kicheko kikaisha. Karani wa kiwanda cha viatu, mwanafunzi wake wa zamani, akainuka taratibu. "Mimi pia ninao. Kumi na wanne. Sikuwauliza hata mmoja."

"Kwa nini hamkuwauliza?" afisa akasema, na hakuwa anafoka.

"Nafasi yenyewe ya kidole, baba," Mama Hapo Juu akajibu. "Tena inakuja baada ya mkubwa kwisha kusema. Nani atampinga mkubwa kwenye nafasi ya kidole?"

Afisa akavua miwani, akaandika kwa muda mrefu. Naye Mama Hapo Juu aliporudi kiwandani alipitia kwanza kwenye rola na mkasi wa ofisi, akaikata ile kamba. Msimamizi alimwona, akajifanya anahesabu mashuka.

Baada ya miezi miwili ikatoka fomu mpya. Ukurasa mmoja, nakala moja. Kipengele cha kwanza: maelezo ya mfanyakazi, mistari kumi. Cha pili: maelezo ya msimamizi. Walioumia ndani ya mwaka waliruhusiwa kujaza upya, na msimamizi asipopinga, matibabu yanatolewa bila maswali zaidi.

Wifi akakaa mezani, kalamu ameibana kwa kidole gumba na kile kimoja kinachotii. Herufi zilikwenda upande, lakini zilikwenda. Karani alijiziba mdomo asije akamsaidia. Chai ikapoa. Mistari kumi ikaisha, wifi akaomba karatasi nyingine.

Ndipo akaitwa msimamizi. Alisoma kwa kusimama, halafu akakaa, akasoma tena. Akageuka akautazama upau mwekundu kupitia dirishani, akatazama vile vidole vitatu. Akajikuna kichwa. Mwishowe akainama kwenye kipengele cha pili na kuandika maneno matatu, ambayo karani aliweza kuyasoma hata kutoka upande wa pili wa meza: "Kama hapo juu."