Dada yangu alizuia panga la mzee siku ya harusi, nikamfokea: nilichojifunza kuhusu ubongo

Wakuu, salaam. Siongezi chumvi humu, maana aibu yenyewe ni yangu.

Kwetu ni Nyaishozi, Karagwe. Nina dada mkubwa, nimwite Kemi. Anaishi na mama na ndiye anayetunza kibanja chetu cha migomba. Baba alituachia hicho tu. Mama anakula humo.

Kemi ana mambo yake. Hapendi kuguswa. Akikusalimia anaangalia pembeni. Kila asubuhi anazunguka kibanja kwa njia ileile, anaanzia mgomba uleule, na ukimkatisha anarudi kuanza upya. Sisi tulisema "huyo mgumu", yakaisha.

Mwaka jana mdogo wetu wa mwisho akaolewa. Kwetu kukiwa na harusi, majirani hufika asubuhi kila mtu na panga lake, mnaingia kibanjani kukata mikungu na majani ya kupikia. Kumzuia jirani ni kama kumwambia humtaki.

Kemi akazuia.

Aliwasha moto kwenye njia ya kuingilia, akataka kila panga lipite motoni. Bwana shamba alishatufundisha hivyo kwa sababu ya mnyauko, ule ugonjwa unaomaliza migomba na unaohamia shamba hadi shamba kwa panga, ila siku ya harusi nani anakumbuka?

Vijana walicheka, wakapitisha. Akafika mzee jirani yetu, baba wa ubatizo wa bibi harusi. Akagoma.

"Mwanangu, leo panga langu lina nini?"

"Lipite motoni," Kemi akasema, macho kwenye panga.

Mzee akaona anaitwa mchawi mbele za watu. Mimi nina stress za wageni, nikamfokea dada, nikamshika mkono nimtoe njiani. Alipiga yowe ambalo sitalisahau. Hakusogea. Mzee akageuka, akaenda zake, na harusi ikafanyika bila yeye. Mama alilia, mimi sikuongea na Kemi siku kadhaa.

Wiki chache baadaye migomba ya mzee ikaanza kugeuka njano. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani ni kahawia. Mnyauko wenyewe.

Nikamfuata Kemi. Ulijua?

"Mgomba wa tatu kutoka kwenye uzio wake. Jani lililegea likiwa bichi. Niliona Jumanne, kabla ya harusi."

Kwa nini hukusema?

"Nilisema. Lipite motoni."

Wakuu, fikirini. Sisi wote tunapita kwenye uzio ule kila siku, hakuna aliyeona jani. Namhusudu huyu dada, nasema wazi. Kibanja chetu kizima mpaka leo.

Nikamsimulia binamu yangu muuguzi. Akanionya nisimbandike mtu jina la usonji (autism), hiyo ni kazi ya wataalamu. Ila akasema tabia zinazofanana na za usonji zimo kwa watu wengi tu, huyu kidogo, yule zaidi. Sehemu za ubongo zina njia za kuwasiliana, na mpangilio wa njia hizo hautofautiani kwa wenye usonji tu, hata sisi tunaojiita wazima kila mtu na wake. Wataalamu bado wanachunguza hayo mambo mawili yanavyohusiana.

Nikajicheka. Mimi mwenyewe nikiletewa ndizi na maharage, lazima nimalize maharage kwanza. Mke wangu ameshachoka kuuliza.

Basi nikaenda na Kemi kwa mzee kuomba radhi. Nilianza hotuba yangu, mzee hata hakunisikiliza. Alimwambia Kemi, "Mwanangu, nizungushe."

Wakazunguka kibanja cha mzee shina kwa shina. Kemi anaonyesha ulioanza kuugua, mzee anaweka alama, wala hakumgusa bega kama wazee wetu wanavyopenda. Walipotoka, mzee alikuwa na machozi. Akaniambia:

"Wewe ulikuwa naye nyumbani miaka yote hii, ukamwita mgumu. Mimi ningekuwa naye, ningekuwa na migomba."

Tukaaga. Njiani nilimwomba dada msamaha. Akasema "sawa", akanipita, akawahi kibanjani.

Nilichojifunza: mtu wa namna hiyo akisimama njiani, kabla hujamfokea, muulize ameona nini. Na ukimuuliza, usimshike mkono.

Haya, nanyi semeni. Kwenu ni nani mnayemwita mgumu, na mara ya mwisho alikataa nini?