Siku Wakwe Walipokuja Kukagua Vitabu Vyangu vya Kutisha

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka mume wangu anauliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Ni siku ambayo wakwe zangu walitoka Mwamkulu wakaja nyumbani kwangu Nsemulwa, si kwa ajili ya posa, bali kuhakikisha kama mimi ni mchawi.

Vuta kigoda ukae, maana jambo hili lina mwanzo wake.

Miaka ile ya tisini Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, na mji wenyewe ulikuwa mdogo, ukipiga chafya sokoni unaombewa afya stesheni. Mimi nilikuwa msichana wa Kipimbwe, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya hapo mjini, nimepanga vyumba viwili. Wenzangu wakipokea mshahara walinunua vitenge na masufuria. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilikusanya vitabu vya hadithi za kutisha vya Kiingereza, vile vilivyochapwa mwanzoni mwa karne, babu zetu wakiwa bado watoto chini ya Mjerumani. Maiti zinazotembea, nyumba zinazopumua, mabwana wenye kofia ndefu wanaofungua milango wasiyopaswa kuifungua. Na sikutaka chapa yoyote tu. Nilitaka chapa ya kwanza, ile iliyotoka mtamboni wakati hakuna anayejua kama kitabu kitapendwa au kitaozea dukani.

Utauliza vilifikaje Mpanda. Wazungu walichimba madini huku zamani, kabla sijazaliwa, wakawa na kilabu chao, na kilabu kikawa na kabati la vitabu. Walipoondoka walibeba vya thamani wakaacha hadithi. Vingine viliishia misheni, vingine vilichukuliwa na wapishi na madereva, vikawekwa chini ya meza zenye mguu mfupi. Padri mmoja mzee, mcheshi kupita kiasi, ndiye aliyenipa cha kwanza, akanifundisha kutazama ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu: mwaka uko wapi, na kama pameandikwa kuwa kimechapwa tena. "Ukiona kimechapwa tena, kisome," aliniambia. "Ukiona ni chapa ya kwanza, nawa mikono ndipo ukisome."

Basi nikawa mtu wa kunawa mikono. Siku moja nilinunua bagia sokoni, nikakuta zimefungwa kwenye karatasi yenye habari za jeneza na mshumaa. Nilimrudia mama wa bagia mbio.

"Mama, kitabu kiko wapi?"

"Kitabu gani, mwalimu? Hizo ni karatasi."

Ilibidi ninunue sinia zima ndipo anipe kilichobaki. Walimu wenzangu walikula bagia siku ile mpaka wakaniomba nisiwapende tena. Na kitabu chenyewe kilikuwa kimeshapoteza kurasa za mwanzo, pamoja na ule wenye mwaka, kwa hiyo mpaka kesho sijui kama kilikuwa chapa ya kwanza. Moyoni mwangu kilikuwa.

Sasa sikiliza kosa langu. Vitabu hivi nilivificha. Nilivitia ndani ya sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini, maana mchwa wa Mpanda hawachagui lugha, halafu nikapiga kufuli kubwa kama la godauni. Nilikuwa na haya. Nilidhani watu wakijua kwamba mwalimu mzima anatumia senti zake kwa hadithi za mizimu, watanicheka. Na tuseme ukweli, palikuwa na uchoyo pia. Kitu ukikipenda sana unaona kama macho ya wenzako yatakichakaza.

Jirani yangu akaja kuomba chumvi nikiwa nimevitandaza sakafuni kuvipunguza unyevu. Aliona jalada moja tu: mifupa ya mtu imesimama, imeshika taa. Ningemwambia, "Hebu tazama, jirani, hadithi hii," neno lingeishia pale pale. Lakini mimi niliruka, nikarusha kila kitu ndani, nikafunga mfuniko nikakaa juu ya sanduku kama kuku anayeatamia. Yule mama hata chumvi hakuchukua.

Kufika jioni, mwalimu ana picha ya mifupa. Kufika Jumatatu, mwalimu ana mifupa. Habari ilipofika Sitalike, nilikuwa na kichwa cha mtu, na mwenye kichwa alikuwa anajulikana kwa jina.

Unacheka. Na mimi nacheka leo. Lakini huku kwetu neno uchawi halikuwa mchezo, hasa likimwangukia mwanamke anayeishi peke yake. Wapo walioumizwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa na Masanja, bwana shamba wa kule Mwamkulu. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Baba yake, mzee Masunga, alikuwa mrefu, mtu wa maneno machache. Mama yake, mayu Mbuke, maana mayu kwa Kisukuma ni mama, ndiye aliyesema maneno yote yaliyobaki. Masanja alikuja kwangu siku moja mchana, akaegemeza baiskeli, hakuingia ndani.

"Nyumbani wanauliza habari za sanduku," alisema.

"Ni vitabu tu, Masanja."

"Kama ni vitabu tu, mbona hata mimi hujanionyesha?"

Hapo ndipo nilipoona uso wake. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa ameumia.

"Jumamosi wanakuja," alisema. "Baba amesema asiporidhika, ng'ombe hawatoki zizini." Akapanda baiskeli akaondoka.

Unadhani nilipata akili? Hata. Nilianza kutafuta lori la kulihamisha sanduku nilipeleke kwa rafiki yangu aliyekaa Sitalike. Bahati njema, Ijumaa ileile alifika shangazi yangu Febronia kutoka Mpimbwe, amebeba mchele mpya na jogoo, tayari kuwapokea wageni. Aliniona nafunga sanduku kwa kamba.

"Linakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Shangazi hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimweka jogoo chini, akakaa.

"Wewe mtoto, umesoma ukarudi nyuma? Leo umelificha sanduku kwa wakwe. Kesho utaolewa, utawaficha nini kingine? Mficha uchi hazai. Hivyo vitabu umeviiba?"

"Hapana, shangazi."

"Vina dawa ndani?"

"Hapana."

"Basi wewe unaona aibu kwa kitu kisicho na aibu, na watu wakiona mtu anaona aibu wanamtafutia dhambi inayolingana nayo. Fungua kamba. Kesho hilo sanduku linatoka nje, barazani, kwenye jua. Na kufuli nipe mimi."

Nikampa. Alilitumbukiza kwenye gunia la mchele, akasahau habari zake.

Wageni walifika mchana, wali ukiwa bado jikoni. Masanja alitembea nyuma yao kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi. Mayu Mbuke alilipita sanduku kwa mbali, akakaa mwisho wa mkeka, pochi mapajani, tayari kukimbia. Shangazi aliwapa maji, akawauliza habari za mvua na za ng'ombe, kisha akaniambia tu, "Fungua."

Nilifungua. Harufu ya mwarobaini ikatoka. Mzee Masunga aliinama, akatoa kitabu cha juu. Kwa mkosi kilikuwa kile cha mifupa yenye taa. Akakitazama sana.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzimu, baba. Wa kwenye hadithi."

"Amemuua nani?"

"Hajaua mtu. Ni jambo la kutunga, kama zile hadithi za fisi wanazosimulia bibi zetu."

"Basi soma," alisema mzee. "Soma tusikie kama ni la kutunga."

Nilitafuta hadithi fupi nikaanza kuitoa Kiingereza kuiweka Kiswahili papo hapo. Ilimhusu bwana mmoja aliyerithi nyumba yenye kisima. Kila jua likizama, kamba ya kisima inashuka yenyewe, na ndoo inapanda imejaa, wala hakuna anayevuta. Bwana yule akajifanya hajali. Siku iliyofuata akaona nyayo za maji zimetoka kisimani mpaka mlangoni. Siku iliyofuata tena, zimefika ukumbini.

"Asitoke humo ndani?" akauliza mayu Mbuke. Alikuwa amesogea katikati ya mkeka.

"Hakutoka. Alisema ni nyumba ya urithi."

"Mwanamume mjinga huyo. Endelea."

Nyayo zikafika chumbani. Bwana akawasha taa, akaona upande wa pili wa kitanda godoro linabonyea taratibu, kama mtu anayekaa. Mayu Mbuke alipiga yowe, akamkumbatia shangazi Febronia, wote wawili wakaangusha beseni la maji ya kunawa. Maji yale yalipoanza kutiririka barazani kuelekea kwao, shangazi naye akapiga yowe.

Nikakifunga kitabu. Nilijua nimeharibu kila kitu. Nikasema kwa unyonge, "Labda tule kwanza, wali umeiva."

"Hakuna kula," alisema mzee Masunga. "Huyo aliyekaa kitandani ni nani?"

Basi nikasoma mpaka mwisho. Na walipojua ni bibi yake yule bwana, aliyezama kisimani zamani na sasa anadai kitanda chake, mayu Mbuke alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema alijua tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli.

Mzee alikuwa bado anachunguza sanduku. Akatoa vitabu viwili, akaviweka magotini. "Hivi ni kimoja. Jina lina herufi zilezile. Kwa nini unacho mara mbili?"

Nikamweleza kwamba maneno ni yaleyale, ila kimoja kilichapwa miaka mingi baadaye, na kile kingine ndicho kilichotoka kwanza. Nilisema nikijua ananiona mpumbavu. Hata Masanja aliangalia pembeni.

Mzee alivipima mikononi. "Nina ng'ombe jike mzee," alisema. "Alikuja kwa miguu kutoka Shinyanga. Hazai, hana maziwa. Vijana wananiambia niuze. Maziwa tunayokunywa ni ya wajukuu zake. Lakini yeye ndiye aliyekanyaga kwanza majani ya huku." Akanirudishia kile cha zamani kwa mikono miwili. "Huyu usimuuze."

Ndipo mayu Mbuke akaniita nikae karibu naye. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Mwanangu, sitakudanganya, nilikuja na hofu. Lakini mimi sikuogopa vitabu. Nilisikia vitabu, nikasema huyu ni mwalimu, atakosa vitabu? Niliogopa kufuli. Nilijiuliza, huyu atakayekaa na mtoto wangu anafunga nini ambacho hata mtoto wangu haruhusiwi kukiona?"

Nilimwangalia Masanja. Nikamwomba radhi palepale mbele ya wazee wetu, kwa sauti. Akasema, "Nisomee kile cha mara mbili." Tukacheka sote, na wali tukaula ukiwa umepoa.

Ng'ombe walitoka zizini. Mwaka ule tukafunga ndoa kanisani, na Masanja akanitengenezea rafu ya mninga, bila mlango. Jumapili alasiri wakwe na majirani wakawa wanakuja kusikiliza; yule wa chumvi alikaa mbele kabisa. Mayu Mbuke alizibeba hadithi zile mpaka Mwamkulu, lakini akifika huko kisima cha Uingereza kilikuwa kisima cha kwao, na yule bwana aliyerithi nyumba akawa Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Kwa muda mrefu watoto wa kule walikwenda kuchota maji kwa makundi, wakiimba kwa nguvu.

Sitaki udhani uwazi haugharimu. Mtoto wangu wa kwanza alimwaga uji juu ya kitabu changu kizuri kuliko vyote, chapa ya kwanza, kikiwa bado na gamba lake la karatasi la kufunikia jalada. Nililia siku ile, nikatamani kufuli langu. Lakini kitabu kile kimesikilizwa na watu wengi kuliko walivyokuwa wote waliokaa kwenye kilabu cha wazungu, na doa la uji halikumzuia mzimu kutisha.

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu ni hili. Pengine na wewe unacho unachokipenda ambacho wenzako hawakielewi. Unakusanya stempu, unafuga njiwa, unaandika mashairi unayoyafuta kabla hayajasomwa. Kipende. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na usikubali mtu akwambie ubawa wako ni wa kipuuzi. Lakini usikifiche kama mwizi. Usipokiita kwa jina lake, watu watakipa jina la kwao, na jina wanalotoa watu gizani huwa baya. Na yule unayetaka kuzeeka naye, mfungulie mapema, kabla hajasimama mlangoni na baiskeli yake akikuuliza kwa nini. Wakubwa nao wakija na mashaka, usiwakimbie. Waletee kigoda, waonyeshe. Wengi wanataka tu kuonyeshwa.

Mwenyezi Mungu akupe kitu cha kukupa raha ya moyo, akupe na watu wa kukuuliza habari zake. Akukinge na ndimi za majirani, na mchwa, na uji wa watoto. Siku zako ziwe nyingi, na woga wako wote uwe ule wa hadithini, unaoishia kwenye kicheko na wali mezani. Amina.