Ng'ombe wa Kibumba

Baba yangu aliyaita maziwa yangu maji ya maharage. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwangu, mtaa wa Ndosho mjini, kofia kichwani, na aliyasema hayo mbele ya wateja wawili waliokuja na chupa zao. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria ya soya tangu asubuhi, moshi wa makaa umenijaa machoni. Nimelea watoto watatu kwa maji hayo ya maharage, na mjane kama mimi hadharau kinachomlisha. Angekuwa mtu mwingine angesikia kitu. Lakini alikuwa baba, hakuwa na hata mwezi nyumbani kwangu, na nyuma yake kule milimani Masisi alikuwa ameacha ng'ombe zaidi ya arobaini.

Vita vilipofika kwetu, watu wa kanisa walimshusha kwa pikipiki, miguu imevimba, hajachukua hata shuka. Mdogo wake wa mwisho, ambaye mimi namwita baba mdogo, alibaki na mifugo siku chache zaidi, kisha naye akatokea Mugunga, kwenye kambi ya wakimbizi, na fimbo tu mkononi. Alipokuja kutuona alisema ng'ombe hawapo tena. Alisema hivyo tu, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyemdadisi mbele ya baba kama waliibwa, walitawanyika au waliuawa.

Baba alishuka na tumbo bovu. Kila alichokula kilimpita. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa wiki baada ya wiki, mpaka muuguzi, mama mmoja mnene asiye na haraka, akaniita pembeni. Alinieleza kwamba ugonjwa wenyewe umekwisha, kilichobaki ni tumbo lililochoka, na mzee anazidi kukauka. Maziwa mabichi yatamharisha, alisema, kwa sababu utumbo wake hauwezi tena ile sukari iliyomo. Yaliyoganda ni mepesi zaidi: vile vidudu vidogo vinavyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na huenda vikalisaidia tumbo kurudi kazini. Soya nayo ni nzuri, ikichemshwa ikaiva kweli. Nilimwuliza kama atapona.

"Haiponyeshi mutu, mama," aliniambia. "Inamusaidia tu asikauke."

Jirani yangu, mwanamke wa Butembo anayeuza vitenge, ndiye aliyenipa kefiri. Alipewa na dada yake, dada yake naye alipewa na mtu mwingine, hakuna anayejua ilianzia wapi. Ni vipande vyeupe, laini, mfano wa wali uliopondeka. Unavitia kwenye maziwa, unafunika kwa kitambaa, kesho yake maziwa yameganda. Unachuja, unavitia kwenye maziwa mengine. Aliniambia havitaki soya peke yake. Kwenye soya vinafanya kazi siku chache, halafu vinanyong'onyea, na ni lazima uvirudishe kwenye maziwa ya ng'ombe vipate nguvu. Nilifikiri moyoni kwamba hata hivi vidudu vinanidharau, sembuse baba.

Maziwa ya ng'ombe nilinunua kwa mama mmoja wa Kibumba aliyekuwa anashuka na bidoni zake, madumu ya maziwa, kila asubuhi. Niliyagandisha, nikayachuja, nikamletea baba kwenye kikombe kizuri. Alinusa. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Hii maziwa ni ya ngombe ya nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nimenunua. Alikirudisha kikombe taratibu, bila hasira, akageuza uso kuelekea barabarani. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu pia. Maziwa ya unga aliyaita vumbi. Nilikasirika kiasi cha kuwagombeza watoto bila sababu. Mtu anakufa na kikombe kiko mbele yake!

Ilinichukua muda kumwelewa. Mzee yule maisha yake yote aligawa maziwa. Mzazi akijifungua alipelekewa, mgeni akipita alikunywa, jirani ambaye ng'ombe wake amekauka alikuja na chombo chake na hakuona aibu. Kununua ilikuwa kazi ya watu wasio na ng'ombe. Angeyanywa yale ya kununua, angekuwa amekiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba wale arobaini na kitu wamekwisha. Na hilo alikuwa hajalitamka hata siku moja. Alikuwa anasema "ngombe zangu" kama mtu aliyesafiri kidogo.

Siku ya nne nilimdanganya. Nilisema ng'ombe wake mmoja amepona. Mfanyabiashara wa mifugo alimkuta anatangatanga njia ya Sake, akamjua kwa alama ya sikio, akampakia kwenye lori pamoja na wake, na sasa yuko Kibumba kwa watu wema. Maziwa haya ni yake. Nilisema yote hayo kwa mkupuo, macho yangu kwenye sufuria.

Baba aliuliza ni yupi.

Hapo nilijiona mjinga. Kwetu wasichana hatukuchunga. Nilijua ng'ombe kwa maziwa yao, siyo kwa sura zao. Nikamtaja mmoja tu niliyemkumbuka, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na maneno yaliponitoka nikatambua kwamba huyo nilimwona nikiwa na miaka saba. Baba alihesabu kwa vidole juu ya goti. Kisha akasema huyo alikwisha kufa zamani, kwa hiyo atakuwa kijukuu wake. Ukoo ule wote walitoka na baka. Akanyoosha mkono. Alikunywa kikombe kizima, akajipangusa mdomo, akasema yanauma ulimi kidogo, huko Kibumba majani ni mengine.

Niliingia ndani nikalia. Sijui kama ilikuwa furaha. Nilikuwa nimemlaghai mzazi wangu, na nilikuwa nimefaulu.

Kuanzia hapo alikunywa kila asubuhi. Tumbo lilitulia kiasi. Hakunenepa, lakini alianza kutembea hadi kwenye gereji ya pikipiki na kurudi, na alipata sauti ya kunikosoa, jambo ambalo kwake ni afya. Kila siku aliuliza habari za ng'ombe. Analala wapi? Wanampa chumvi? Amepandwa na dume gani? Mimi, ambaye sikuwahi kumkamua hata mbuzi, nikawa nakwenda kwa yule mama wa Kibumba kuuliza maswali ya uchungaji, na yeye akinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Majibu yake nilimletea baba. Mengine aliyakataa, akaagiza wale watu wa Kibumba wasahihishwe. Nilipeleka maagizo. Yule mama alicheka, lakini baadhi aliyafuata kwa ng'ombe wake mwenyewe, akaniambia mzee wako anajua.

Baba mdogo alipokuja kutoka Mugunga, Jumapili baada ya misa, nilimwomba pembeni anisitiri. Aliitikia kwa kichwa tu. Walikaa wawili wao wakizungumzia ng'ombe wa Kibumba saa nzima, yule aliyewachunga wote na yule aliyekuwa na wote, na mimi nikawa napita pita na bakuli, jasho linanitoka.

Kisha barabara ya Rutshuru, inayopita Kibumba, ikaziba. Mapigano yalisogea, na yule mama wa bidoni hakuonekana tena. Siku ya kwanza nilitumia maziwa ya akiba. Baadaye nilitia kefiri kwenye soya, nikachuja mara mbili, nikaongeza chumvi kidogo, nikampa bila kumtazama. Alionja. Akaonja tena.

"Banaikulisha maharage, ile ngombe yangu," alisema.

Nilisema labda, maana majani yamekuwa haba. Akasema kweli, wakati wa vita ng'ombe hula anachopata. Akamaliza kikombe.

Tulikwenda hivyo wiki kadhaa. Vile vipande vya kefiri vilianza kupungua kama jirani alivyonionya, na tumbo la baba lilianza tena. Sijui kama ni soya, au ni uzee, au ni mabomu tuliyoyasikia kila alasiri. Nilisikia kwamba kuna maziwa yanayofika karibu na Kibumba, nikaenda. Pikipiki ilinifikisha nusu njia, nikatembea, nikakutana na watu wanaoshuka na magodoro yao kwenye chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, wananiuliza kama nina akili timamu. Sikupata hata nusu lita. Nilirudi jioni, viatu vimekatika kwa mawe, nikamkuta baba mlangoni. Alinitazama miguuni muda mrefu. Nilimwambia nilikwenda kumwona ng'ombe, hajambo.

Asubuhi yake nilimletea kikombe, hakukipokea.

"Sasa muiache ipumuzike," alisema. "Iko karibu kuzaa. Haikamuliwake tena."

Hilo kila mchungaji analijua: ng'ombe akibakiza kama miezi miwili azae anaachwa akauke, apumzike, maziwa ya mwisho yamrudie mwilini. Sikuwa nimelifikiria. Uongo wangu ulikuwa na miezi yake kama mimba yoyote, na yeye ndiye aliyeihesabu. Nilibisha. Nilisema hana mimba. Akanieleza kwa upole kwamba mimi si mchungaji. Nikamsihi anywe hivyo hivyo, nikamwambia muuguzi amesema, nikamwambia watoto wanamtaka aishi. Akanipiga piga mkono, akasema atasubiri azae. Tulijua wote wawili kwamba miezi miwili hana. Uji alilamba kidogo. Alipungua mbele ya macho yangu, na sufuria yangu ya soya ilikuwa inachemka hapo hapo kila siku.

Jumapili iliyofuata aliomba baba mdogo aitwe. Akaomba pia kaka yangu anayeishi Kampala apigiwe simu, na simu iwekwe sauti kubwa mezani. Nikajua mambo yameharibika. Kwetu ng'ombe akitolewa kwa neno mbele ya mashahidi ametolewa. Na ng'ombe huenda kwa mtoto wa kiume. Kaka angetaka kumwona. Angetaka kumwuza, au kumhamisha, na angeuliza ni watu gani hao wa Kibumba. Nilikaa chini kwenye mkeka nikisubiri aibu yangu.

Baba aliivua kofia yake.

"Ile ngombe ya Kibumba ni ya huyu mutoto yangu mwanamuke," alisema. "Aliichunga peke yake. Hakuna mutu alimusaidia. Kwa hiyo mutu asikuye kumuuliza."

Baba mdogo akasema amesikia. Mimi nilipiga magoti, nikapiga makofi ya shukrani kama nilivyowaona wavulana wa kwetu wakifanya walipopewa ng'ombe nilipokuwa mtoto, na mikono yangu haikulingana. Hakuna msichana wa ukoo wetu niliyewahi kusikia kwamba amepewa ng'ombe. Baba aliivaa kofia yake, akasema amechoka, akaomba asaidiwe kulala.

Nilimsindikiza baba mdogo hadi barabarani. Nilimwomba radhi kwa kumwingiza kwenye uongo wangu. Alisimama, akaegemea fimbo.

"Aliniuliza siku ile ile nilifika, wakati uliingia kuniletea maji," alisema. "Nilimuambia yote iliisha mbele ya macho yangu. Hakuna hata moja ilipona."

Kwa hiyo alijua tangu kikombe cha kwanza. Alipohesabu kwa vidole juu ya goti akitafuta kijukuu wa ng'ombe aliyekufa zamani, alikuwa ananifungulia njia nipite. Alikunywa maziwa ya kununua, akanywa na maji ya maharage, miezi yote ile, na kila asubuhi alinipa maswali ili nisione haya. Halafu aliponiona viatu vimekatika, akasema ng'ombe apumzike. Nilisimama pale barabarani pikipiki zinanipigia honi, na nilimwonea hasira baba yangu, hasira kali, kwa sababu ningeendelea. Ningetembea kila siku. Hakuniuliza.

Alifariki siku ya tisa baada ya Jumapili ile, asubuhi, mimi nikimfuta uso. Tulimzika huku huku mjini, mbali na wazee wake, kwenye ardhi ya mawe meusi ambako wachimbaji walitumia nyundo. Kefiri niliikuta imekufa kwenye chupa yake, rangi ya kahawia, nikaimwaga. Jirani alinipa nyingine. Sijaitumia.

Kaka yangu hakufika mazikoni, barabara haikuruhusu. Alipiga simu baada ya wiki mbili, na baada ya pole akataja ng'ombe. Alisema mzee mwishoni hakuwa na akili zake, kwamba ng'ombe wa ukoo hakai kwa mwanamke aliyeolewa akafiwa, kwamba nimkabidhi kwa baba mdogo amtunzie yeye. Nikakataa. Akaniita mchoyo. Aliwaambia shangazi zetu, nao wakanipigia mmoja mmoja. Binti wa kaka aliolewa mwaka huu na sikualikwa; picha niliziona kwenye simu ya mtu mwingine.

Ningeweza kuumaliza ugomvi huu kwa maneno mawili. Baba mdogo yuko, angethibitisha. Nimeishika simu mara nyingi, nikaiweka. Nikisema hakuna ng'ombe, baba yangu hatakuwa amenipa kitu.

Mwezi uliopita kaka alipiga tena, sauti imelegea kidogo, akauliza kama yule ng'ombe angali hai. Nilimwambia amezaa, ndama jike, mwekundu, na kwamba simtoi.