Kadi za Mehjabeen

Mehjabeen alizaliwa Tabora mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na huko ndiko anakoishi mpaka leo, peke yake. Watoto wa mtaani wanamjua kama bibi wa Kihindi anayegombana na redio.

Alipokuwa msichana alipata kazi kampuni moja ya bima, Dar es Salaam. Kompyuta yao ilijaza chumba kizima. Maagizo yake yaliandikwa kwa lugha iitwayo Kobol, kila mstari ukatobolewa kwenye kadi yake ngumu, kisha kadi zote zikapangwa kwa mfuatano, mashine izisome. Mehjabeen aliandika programu ya mishahara. Siku ilipokubali bila kosa, alikaa sakafuni akalia.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vipuri vikakosekana, mashine ikachoka polepole, mwishowe ikagoma kabisa. Wenzake wakarudi kwenye kalamu, yeye akaachishwa kazi. Akapanda treni na sanduku la kadi zake mapajani, hakuliweka chini mpaka Tabora.

Wachumba walikuja, akawakataa. Alisema marufuku itaondolewa, ataitwa. Hakuitwa.

Ikaja miaka ya uhaba, dukani hakuna hata karatasi. Siku moja alirudi kutoka hospitali alikokuwa akimuuguza mama yao, akamkuta kaka yake, Murtaza, anazungushia uzi kwenye kadi ili auze vipande vipande.

"Murtaza, umechukua ngapi?"

"Dada, ni makaratasi yenye matundu. Nyingi zimeshaenda na wateja."

"Hiyo ni programu yangu!"

"Ya mashine iliyokufa," akajibu, wala hakusema kwa ubaya.

Alizitandaza zilizobaki, akajaribu kuzipanga. Katikati palikuwa patupu. Akazichukua mwenyewe, akazitia jikoni, akachemshia chai. Hakuongea na Murtaza tena zaidi ya salamu, mpaka walipomzika.

Mwaka jana alibisha hodi Magreth, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini.

"Shikamoo, Bi Mehjabeen."

"Marahaba, mwanangu. Duka tumefunga siku nyingi."

"Sitafuti kitambaa, Bi. Nimesikia ulikuwa unaandika Kobol. Nakuomba uje uongee na wanafunzi wangu. Huko nje mabenki bado yanaitumia, na wanaoijua wanazidi kuisha."

"Bado inatumika?"

"Bado. Haijawahi kuachwa."

"Miaka yote hii?"

"Yote, Bi."

Akaomba kalamu. Magreth akampa na daftari. Aliandika neno moja, akaandika la pili juu ya lile la kwanza, maana haoni vizuri, kisha mkono ukasimama. Alisubiri. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti.

"Nilikuwa naijua kama Alhamdu ya kila sala," akasema. "Imeondoka."

"Si neno, Bi. Tusimulie tu ilivyokuwa."

"Mimi niliambiwa imekufa, nikaizika. Ungeniacha hivyo hivyo, mwanangu."

Magreth alirudi wiki iliyofuata, safari hii na wanafunzi wake. Wakabisha muda mrefu. Ndani redio ikazimwa, lakini mlango haukufunguliwa. Mwishowe Magreth akawaambia vijana waende, naye akabaki barazani hadi jua lilipomfikia, ndipo akaondoka.