Fundi wa mvuke na baridi ya chumba namba saba

JOHANNESBURG, Jumanne, Juni 12, 2018. Asubuhi hii baridi ni nyuzi mbili. Anga halina wingu hata moja, upepo hakuna, na nyasi za uani katika mtaa wa Turffontein zimekuwa nyeupe kwa barafu nyembamba. Ni ile baridi kavu inayopasua midomo.

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, Marcellin Kabeya amepiga magoti ghorofani, katika chumba namba saba, kiganja chake cha kulia kikiwa juu ya bomba la chuma. Ukimwona kutoka mlangoni utadhani anasali. Huenda anasali kweli, maana midomo inacheza. Lakini kiganja kiko kazini.

“Hapa pana moto,” anasema, akiusogeza mkono polepole. “Hapa pana moto. Hapa kwenye koki pana moto. Na hapa…”

Mkono umefika kwenye rejeta.

Rejeta yenyewe si ya gari. Ni ya ukutani, chuma kizito chenye mbavu nane, kilichofungwa chini ya dirisha ili kupasha chumba joto kwa mvuke. Ubavu wa kwanza una uvuguvugu. Mbavu saba zilizobaki ni baridi kama jiwe la mtoni. Mvuke umepanda kutoka chini, umefika mlangoni, umekataa kuingia.

Marcellin ana miaka hamsini na minne. Mchana ni mlinzi wa maegesho ya magari huko Sandton, kazi inayompa randi elfu nne na mia mbili kwa mwezi. Alfajiri, kabla ya kupanda teksi mbili, daladala za huku, kwenda kazini, ndiye mwenye moto wa nyumba hii.

Nyumba ilijengwa zamani na tajiri mmoja aliyekuwa na farasi wa mashindano, hatua chache kutoka uwanja wa mbio. Leo ni nyumba ya wapangaji kumi na tisa, wengi wao Wakongo, na wachache Watanzania. Anayeisimamia ni Mama Tabia, mfanyabiashara wa Tanga, ambaye aliichukua mwaka 2015 na kukuta chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, pipa kubwa la chuma lenye mlango. Alidhani ni la kuchomea takataka. Kwa wiki mbili alichomea takataka kweli, mpaka Marcellin, aliyekuja kuomba mahali pa kulala, akamwambia kwamba hilo ni boila, la kuchemshia maji ya kupasha nyumba joto.

Alilijua kwa sababu ujana wake wote ameumaliza mbele ya boila. Huko Likasi, kusini mwa Kongo, alikuwa mtunza moto wa dobi, nyumba ya kufulia ya hospitali, kwa miaka kumi na saba. Mvuke wake ulichemsha shuka za wagonjwa na kupiga pasi makoti ya madaktari. Dobi lilipofungwa, akabaki na ujuzi usio na mnunuzi. Mwaka 2009 akaja Johannesburg.

“Mvuke si kitu kigumu,” anasema. “Unachemsha maji, yanakuwa mvuke, mvuke unapanda. Ukifika kwenye rejeta unakuta hewa. Hewa lazima itoke kwanza, ndipo mvuke uingie. Ukishaingia unapoa, unageuka maji, maji yanarudi chini kwa bomba lile lile. Ni hayo tu. Ila kila rejeta ina tabia yake, kama watu.”

Tabia za rejeta za nyumba hii zinajulikana kwa kila mpangaji. Octave, fundi cherehani anayekaa vyumba vya chini, hulala na fulana, dirisha wazi, katikati ya Juni. Ghorofani watu hulala na soksi mbili mbili.

“Chini kwangu ni Kinshasa,” Octave hupenda kuwaambia wa juu. “Kwenu ni Ulaya. Nyumba moja, viza mbili.”

Kwa wengine huu ni utani. Kwa Marcellin, baridi ya chumba namba saba ni suala la mke.

Mke huyo ni Orpha, mwalimu wa shule ya msingi Likasi. Alimfuata mumewe mara moja tu, Julai 2013. Wakati huo Marcellin alikuwa anapanga chumba katikati ya jiji, katika jengo lenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi. Orpha alikaa wiki tano. Wiki mbili kati ya hizo alizikaa hospitalini na homa ya mapafu. Alipopona alirudi kwao, na kwenye kituo cha basi alimwambia mumewe kwamba atakuja tena siku ile atakayoweza kuvua koti ndani ya nyumba.

Tangu hapo ni simu. Kumfuata haiwezekani kirahisi. Kibali cha ukimbizi alicho nacho Marcellin humruhusu kukaa, lakini akivuka mpaka kurudi Kongo, mlango wa huku unafungwa nyuma yake. Ameona harusi ya binti yao, Mireille, kwenye kioo cha simu, picha ikikatika kila mara, na alipiga makofi peke yake kwenye maegesho ya Sandton hadi mwenye gari mmoja akashusha kioo kumwuliza kama yuko salama.

“Usiku mtu analala, basi,” anasema. “Kigumu ni saa ya chai. Ninamimina vikombe viwili. Mkono unasahau.”

Mama Tabia hamlipi kwa kazi ya boila. Humpa kitanda katika kijichumba kilicho ubavuni mwa boila, mahali penye joto la kutosha lakini pasipo dirisha, ambapo mwanamume mmoja akinyoosha miguu anagusa kuta zote mbili. Chumba kimoja tu ndicho anachoweza kumpa akae na mkewe: namba saba, kinachoelekea kusini, upande usiopata jua, na ambacho hakuna mpangaji aliyewahi kukitaka wakati wa baridi. Mwezi Mei alimwambia wazi. Kikipata joto kabla ya mwisho wa Juni, ni chake. Kisipopata, atakifanya stoo ya maboksi yake ya vitenge na viatu.

“Mie si mtu mbaya,” Mama Tabia anasema. “Lakini chumba kimekaa miaka mitatu kinamngoja mtu wa kwenye simu. Na mie maboksi yangu nayapanga kwenye ngazi, watu wanajikwaa.”

Kinachomuumiza Marcellin zaidi ni kwamba chumba hicho kiliwahi kupata joto. Julai 2015, alipowasha boila kwa mara ya kwanza, rejeta ya namba saba iliwaka mbavu zote nane kwa siku tatu. Alimpigia Orpha siku hiyo hiyo. Orpha akaomba ruhusa shuleni, akafunga mizigo. Siku ya nne rejeta ikapoa, na haikuwaka tena. Marcellin akapiga simu ya pili, ya kumwambia angoje.

Amehangaika nayo tangu hapo kwa njia zote anazozijua. Kwanza alikosea vibaya: akaongeza makaa. Huko dobini mvuke ulitakiwa uwe na nguvu nyingi, na mkono wake ulizoea hivyo. Hapa nyumbani nguvu hiyo ilimpika Octave tu, na rejeta za juu zikawa zinapuliza kwa kelele.

Kisha akaja na pimamaji. Akagundua kwamba rejeta ya namba saba imelalia upande usiofaa, hivyo maji yanabaki ndani badala ya kurudi kwenye bomba. Akainyanyua kwa vipande viwili vya mbao. Yale mapigo ya usiku, kama mtu anagonga bomba kwa nyundo, yakaisha. Baridi haikuisha.

Akahakikisha koki iko wazi kabisa, kwa kuwa wapangaji hupenda kuifungua nusu, na nusu huzuia maji yanayorudi. Akapunguza makaa. Akafunga gunia kuukuu kwenye bomba la chini ili joto lisipotee njiani. Baridi haikuisha.

Asubuhi hii imebaki wiki mbili na nusu. Marcellin anafanya jambo ambalo, kwa kukiri kwake mwenyewe, angelifanya mwanzoni kama si kiburi cha miaka kumi na saba. Anaacha kufikiria boila. Anaifuata njia ya mvuke kwa kiganja, kutoka chini, ngazi kwa ngazi, hadi ncha ya mwisho ya rejeta.

Kwenye ncha hiyo kuna kidude cha shaba kama kidole gumba, chenye tundu dogo. Ni kipumulio. Hewa hutokea hapo. Mvuke ukifika, kinajifunga chenyewe.

Marcellin anakimulika kwa simu. Tundu halionekani. Mahali pake pana kitu cheusi, kinachong'aa. Anakikwangua kwa ukucha, ananusa, anakunja uso.

“Hii harufu ninaijua,” anasema. “Ni ya saluni.”

Wakati huo ngazi zinalia. Ni Mama Falonne, msusi kutoka Bukavu, na wanawake wanne nyuma yake, wamejifunga mablanketi. Kila alfajiri saa kumi na moja kikundi chao husali namba saba, kwa kuwa ni chumba pekee kisicho na mtu. Marcellin ni mmoja wao kwa imani, lakini saa hiyo yeye huwa chini akilisha moto, akitumaini kwamba joto litawafikia wanaosali.

Anamwonyesha Mama Falonne kile kidude na kumwuliza, kwa upole, kama anaijua hiyo gundi.

Mama Falonne anatazama. Kisha anajibu kama mtu anayetubu, bila kuzunguka.

“Ni mimi, Papa Marcellin. Ni gundi yangu ya kubandikia nywele.”

Anaeleza. Wiki ile ya kwanza walipoanza kusali hapa, Julai 2015, kila walipofumba macho, kitu kilipuliza ukutani. Fyuuu. Kama nyoka. Wakinyamaza ili kumsikia Mungu, kinapuliza. Walikikemea kwa siku tatu. Siku ya nne wakakipaka mafuta ya upako, na kwa kuwa hakikuacha, yeye akatoa gundi kwenye mkoba wake. Kikanyamaza papo hapo. Waliimba kwa furaha nusu saa nzima.

“Tukatoa ushuhuda kanisani,” mwanamke mmoja anakumbusha kwa sauti ndogo.

Kisha mwaka uliofuata, Marcellin alipoongeza makaa na rejeta nyingine zikaanza kupuliza, Mama Falonne alipita chumba kwa chumba ghorofa nzima. Jumla, vipumulio tisa.

Marcellin amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Baadaye atasema kwamba hasira ilikuja, ikasimama mlangoni kama ule mvuke, ikakosa pa kuingilia. Alikuwa chini akiwasha moto kwa ajili yao. Walikuwa juu wakiombea kila mtu wa nyumba, na jina la Orpha lilikuwa kwenye orodha yao. Wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja, na kwa miaka mitatu walizibiana njia.

“Mama Falonne,” anasema mwishowe, “yule nyoka alikuwa anapumua tu.”

Mama Falonne anaficha uso kwenye blanketi. Mabega yanatikisika, na haijulikani kama analia au anacheka, mpaka wenzake wanapoanza kucheka wazi, na Marcellin mwenyewe pamoja nao.

Vipumulio vya aina hiyo haviuzwi tena katika maduka ya mabomba aliyopitia Marcellin kwa miaka hii. Ilibidi hivyo hivyo vilivyozibwa vifufuliwe. Mama Falonne alileta kutoka saluni chupa ya dawa ya kuyeyushia gundi, Marcellin akanunua siki kwenye spaza, kiduka cha kona, na kwa jioni tatu wawili hao walikaa jikoni wakichemsha shaba kwenye sufuria moja. Kila kimoja kiliposafishwa, Marcellin alikipuliza kwa mdomo kuona kama hewa inapita. Saba vilipona, viwili vikakataa. Octave alijitolea cha kwake, akisema amechoka kuishi Kinshasa. Cha pili kilitolewa kwenye rejeta ya koridoni.

Jumapili, Juni 17, moto unawashwa saa kumi alfajiri, wa makaa machache. Saa kumi na moja kikundi kizima kiko namba saba, lakini hakuna anayeomba. Wanasikiliza. Rejeta inaanza kutoa pumzi nyembamba. Mama Falonne amesema wataanza itakapomaliza.

Ubavu wa kwanza unapata moto, wa pili, wa tatu. Marcellin anafuata kwa kiganja. Wa nane unapokuwa hauguswi kwa moto, kipumulio kinajifunga chenyewe, na chumba kinakuwa kimya. Mtu anasema amina.

Mama Tabia, ambaye si wa sala hiyo na tayari amemaliza ya kwake, anasimama mlangoni. Anaingia, anaigusa rejeta, anarudisha mkono haraka. Anavua mtandio mzito wa mabegani.

“Maboksi yangu yatakaa kwingine,” anasema.

Baada ya sala Marcellin anapiga simu Likasi na kuweka spika, ili wote wasikie. Orpha anasikiliza habari yote: gundi, siki, mbavu nane. Anacheka panapochekesha. Kicheko kinapokatika, Octave anauliza kama salio limekwisha.

“Mwaka 2015 uliniambia hivi hivi,” sauti ya Orpha inasema. “Nilifunga mizigo. Ilikaa imefungwa mpaka panya wakaizoea.”

“Safari hii ni kweli, mke wangu.”

“Hata safari ile ilikuwa kweli. Siku tatu.” Watu chumbani wanainamisha vichwa. “Baba Mireille, habari za chumba nimezisikia. Mimi ninakuuliza wewe. Uko na nani hapo?”

Marcellin anawataja mmoja mmoja, kuanzia Mama Tabia.

“Basi sema mbele yao.”

Marcellin anasimama. Anavua kofia ya sufu, anaishika kwa mikono miwili.

“Mimi, Marcellin Kabeya, ninasema mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Kuanzia leo sitakuambia tena ungoje. Chumba kipo, njoo. Lakini mwezi wa tisa ukiisha, moto wa msimu wa baridi ukizimwa, na wewe hujakiona, nitamkabidhi Mama Tabia funguo na nitapanda basi la Lubumbashi, hata kama huku sitarudi. Mwaka huu hautaisha, Orpha, kila mmoja wetu akifunga mlango wake peke yake.”