Apolo Tunayemjua Sisi

Mwanangu, naona unapekua simu kutafuta maana ya kila jina kabla mtoto hajazaliwa. Kaa hapa kidogo nikusimulie jinsi kaka yako Apolo alivyopata lake.

Nakumbuka Jumamosi moja hapa hapa Longbridge, huku ughaibuni, nimejifungua juzijuzi, nyumba imejaa watu wa maombi. Nyanya yako, mama mkwe wangu, alikuwa ametoka Kakamega kuja kunisaidia. Mtoto alipolia bila kunyamaza, alimwitia majina ya wazee wetu waliokufa, moja moja, kama ilivyo desturi yetu Waluhya. Alipotaja Apolo, jina la marehemu mumewe, mtoto akanyamaza na kunyonya. Kwetu hayo yalikuwa yamekwisha: mtoto alikuwa amejichagulia jina.

Kwa pasta wetu hayakwisha, naye ndiye aliyekuwa amweke mtoto wakfu kesho yake.

"Sister, hilo jina nimelicheki kwa internet. Ni la mungu wa Wagiriki, na maana yake ni mharibifu. Tafuta lingine, ama kesho sitamwombea."

Mama Neema, jirani yetu Mkongomani, akacheka. "Kwetu Bukavu apollo ni ugonjwa ya macho, ile inafanya macho inakuwa nyekundu."

Mimi pia nilikuwa nimesoma, maana sipendi kutishwa na kitu nisichokichunguza. Nikamwambia pasta kwamba hata wajuzi wa Kigiriki hawakubaliani: wengine husema mharibifu, wengine zizi la kondoo, wengine baraza la watu. Na yule Apolo aliyehubiri zama za Paulo, nani alimbadilisha jina?

Nyanya yako akaweka kikombe chini. "Hao Wagiriki siwajui, pasta. Apolo namjua. Alikata shamba lake ili majirani wapate njia ya kwenda kisimani, na hiyo njia bado wanapita."

Kesho yake pasta akaniuliza jina mbele ya kanisa. Nikasema Apolo, kwa sauti ya kufika nyuma. Alisita, akamtazama nyanya yako, kisha akamwinua mtoto akaliita. Mama mkwe wangu alilia, nami nikalia.

Basi mwanangu, usiishie kwenye simu. Uliza ni nani aliyelibeba hilo jina na aliishi vipi na watu, kisha umsimulie mtoto kwa Kiswahili, hata akikujibu kwa Kiingereza. Mungu akujalie ujifungue salama, na huyo anayekuja aishi vizuri, hadi siku moja mtu alie kwa furaha akisikia jina lake linaitwa.