Acayo apambana na mdudu wa kaka yake

Saa mbili asubuhi, Acayo anafungua kabati la joto la kukuzia bakteria na kubana pumzi. Ameshika sahani ndogo ya plastiki ambamo bakteria wamekula usiku kucha na kutanda ukoko wa manjano.

"Amka nikuone, mshenzi wewe," anamwambia mdudu aliye ndani.

Wenzake katika maabara hii ya Kampala wamezoea kumsikia akigombana na sahani. Sampuli nyingine kwake ni namba tu. Hii alikuja nayo mwenyewe, kutoka kwenye kidonda cha kaka yake, Komakech.

Komakech alikuwa mlinzi wa hoteli moja Nakasero. Mwaka jana bodaboda ilimwangusha kwenye mteremko wa Lubaga. Mfupa uliunga, kidonda kikagoma. Antibiotiki ya kwanza haikufua dafu, ya pili vilevile. Madaktari wakaanza kuzungumzia kukata mguu.

Kazi ya Acayo ni kuandaa dawa za miti. Anakausha majani kivulini, anayasaga, anayaloweka kwenye spirit, kisha anaiacha spirit iruke yote hewani ubaki ute mweusi. Ute huo huchanganywa na antibiotiki iliyoshindwa, ionekane kama viwili pamoja vitaweza. Mti wenyewe hautaji ng'o.

"Nikikuambia leo, kesho watu ya Kampala wanachimba mpaka mizizi, wanapaka kwa vidonda," anasema. "Mtu akikufa, nani atajibu?"

Anajua anachosema. Siku moja kabla ya kaka yake kukatwa mguu, aliona muujiza: kuzunguka kikaratasi alichokilowesha mchanganyiko na kukiweka kwenye sahani, bakteria wa kaka yake walikuwa wamekufa, duara jeupe pe! Alipiga kelele hadi koridoni. Akampigia Komakech simu wodini kabla hajamwonyesha mtu yeyote, kisha akatia chupa ya ute ule mkobani.

Mkuu wake, Dkt. Goretti, aliitazama sahani akauliza, "Ile ya spirit tupu iko wapi?"

Karatasi hiyo ya kulinganishia, isiyo na mti wala antibiotiki, ilikuwa pembeni, nayo ilikuwa na duara vilevile. Kwa pupa ya kuwahi upasuaji, Acayo hakuiacha spirit ikauke. Spirit ndiyo iliyoua. Mti haukuwa umethibitisha lolote.

"Pole, nnyabo," Goretti akamwambia, akimwita bibi kwa Kiganda. "Tunarudia."

Jioni hiyo Acayo alipofika wodini, Komakech alikuwa amekataa kutia saini ya kukubali upasuaji. Homa ilikuwa inamtetemesha, na daktari alishasema sumu imeanza kuingia kwenye damu.

"Wewe uko na dawa kwa chupa, mimi nakatwa mguu?" alisema. "Leta kidogo tu. Hakuna mtu ataona."

"Omera, kaka yangu, haiko dawa. Nilikosea."

"Unaogopa kufukuzwa kazi!"

Chupa ilikuwa bado mkobani, juu ya mapaja yake. Acayo aliubana mkoba kwa mikono miwili. Akimpa, kaka yake hatatia saini, na huenda akafa na mguu wake. Asipompa, atamchukia.

"Tia saini, omera. Nakuomba."

Komakech alitia saini, akageukia ukutani. Asubuhi mguu ulikatwa chini ya goti.

Majibu ya marudio yalitoka akiwa bado amelazwa. Safari hii karatasi zilikauka sawasawa. Spirit tupu haikuacha alama. Mti peke yake, hakuna. Antibiotiki peke yake, hakuna. Pamoja: duara jembamba, lakini la kweli.

Acayo alilia chooni. Duara la kwenye sahani bado si dawa ya mtu. Kuna wanyama wa kupimwa kwanza, vibali, miaka. Lakini nani angemweleza hayo kaka aliyekatwa mguu? Komakech alirudi nyumbani Kasubi, na kwa miezi mingi hakupokea simu zake.

Leo duara limepanuka kidogo, baada ya Acayo kubadili kipimo cha mchanganyiko. Analipima kwa rula, analipima tena, ndipo anashusha pumzi.

Wiki iliyopita simu yake iliita. Alikuwa Komakech, bila salamu.

"Ile mdudu yangu bado iko?"

"Iko kwa friji, omera. Kila wiki namwamsha, tunapigana."



"Usitupe. Siku mnamuua kabisa, niite. Nitapanda hizo ngazi zenu na magongo yangu, nione."

Acayo ameshamtafutia stuli. Ameiweka kando ya kabati la joto, na hataki mtu mwingine aikalie.